Maongezi Yapo: Nyumba Ushushe Bei kwa Kiasi Gani?

"Nyumba inauzwa Goba. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, fensi, kisima. Kiwanja sqm 600, hati ipo. Bei milioni 150, maongezi yapo." Mkazi wa Dar es Salaam mwenye simu ameshakutana na tangazo la namna hii mara nyingi kiasi kwamba analisoma huku akitembea. Anayetafuta nyumba kweli husimama kwenye maneno mawili ya mwisho. Maongezi yapo, sawa, lakini yaanzie wapi? Ukitaja 140 huenda umemzawadia mtu pesa zako bure. Ukitaja 80 huenda simu yako isipokelewe tena.

Jibu linalozunguka mjini ni la asilimia. Toa asilimia 10, atakwambia mmoja. Mwingine atasema 20, ndiyo kawaida ya nyumba. Yupo pia yule jasiri wa kijiweni anayekushauri utaje nusu ya bei kisha upande polepole. Wote watatu wanaanzia pale pale, kwenye 150, wanatofautiana tu katika kukata. Mimi naona kosa liko hapo hapo mwanzoni. Ile 150 hakuna aliyeipima. Ukikata asilimia yoyote kutoka kwenye namba ambayo hakuna aliyeipima, unachopata ni namba nyingine ambayo nayo haijapimwa, ila sasa inakupa furaha ya kuamini kwamba umepunguziwa.

Nchi nyingine suala hili lina uzito tofauti. Uingereza na Wales, ofisi ya usajili wa ardhi inaweka hadharani bei zilizolipwa kweli kwa nyumba zilizouzwa tangu mwaka 1995. Mtu anaweza kuangalia jirani wa mlango wa pili aliuza kwa kiasi gani na mwezi gani. Muuzaji anayetaja bei ya juu kupita kiasi anajua mnunuzi atakuja na bei za mtaa mzima mkononi. Katika mazingira hayo, kuzungumzia asilimia chini ya bei iliyotajwa kuna maana fulani, kwa sababu bei yenyewe imefungwa kamba na mauzo yaliyokwisha kufanyika.

Kwetu kamba hiyo haipo. Bei halisi ya nyumba iliyouzwa Madale au Kinyerezi inabaki kwa muuzaji, mnunuzi, wakili na dalali, na mara nyingi iliyoandikwa kwenye mkataba siyo iliyolipwa. Mikopo ya nyumba nayo ni michache mno: nchi ilihesabu watu 61,741,120 kwenye sensa ya 2022, lakini wenye mikopo ya nyumba benki ni elfu chache tu. Watu hununua kwa fedha taslimu, kwa kuuza kiwanja kingine, kwa kiinua mgongo, kwa michango ya ndugu. Benki isipokuwepo, mara nyingi hata mthamini hapiti. Kwa hiyo nyumba nyingi zinabadilisha mikono bila mtu yeyote mwenye taaluma kukaa chini na kusema hii inafaa kiasi hiki.

Basi bei ya muuzaji inatoka wapi? Aghalabu inatoka sehemu tatu. Ya kwanza ni alichotumia, au anachokumbuka kutumia, na kumbukumbu ya mtu aliyejenga kwa miaka saba, leo tripu ya mchanga, kesho nondo, huwa haipungui kadiri muda unavyopita. Ya pili ni shida aliyonayo: anataka 60 za kununua shamba, 30 za ada ya mtoto, 20 za deni, anajumlisha. Ya tatu ni maneno ya jirani aliyesema ameuza kwa 140, ambaye pengine alipokea 105. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu thamani ya nyumba kwako wewe unayenunua.

Halafu juu ya hapo kuna cha juu, yaani kile ambacho dalali anaongeza juu ya bei ya mwenye nyumba.

Wanaonunua kwa mara ya kwanza hawalielewi jambo hili vya kutosha, na ndilo linalobeba pesa nyingi kuliko ufundi wote wa kubembeleza bei. Chukua mfano. Mwenye nyumba anamwambia dalali wake, "Mimi nataka 125 yangu, utakachoongeza ni chako." Dalali anaweka 10. Anampigia dalali mwenzake wa Mbezi mwenye wateja, naye anaweka 10 yake. Wa tatu, mwenye ukurasa wenye wafuasi wengi, anaona 145 siyo namba nzuri, anaandika 150. Tangazo linakufikia. Wewe, kwa ushauri wa asilimia 10, unataja 135, wanajifanya kuumia, wanapiga simu kwa "mzee", wanarudi na kusema mzee amekubali kwa shingo upande. Unatoka pale ukiamini umeokoa milioni 15. Ukweli ni kwamba umelipa milioni 10 juu ya bei aliyoitaja mwenyewe kabla hata ya maongezi kuanza, na mzee huyo huenda hakupigiwa simu yoyote.

Sisemi haya kuwachafua madalali. Dalali mzuri anaujua mtaa kuliko ofisi yoyote: anajua nyumba ipi ina kesi, maji yanapita wapi mvua ikinyesha, nani aliondoka kwa sababu gani. Kazi hiyo ina thamani na inastahili kulipwa. Ninachosema ni kwamba malipo yake yawe wazi na yajulikane kabla ya bei kuzungumzwa. Kubaliana naye kiasi maalumu, si asilimia ya bei utakayolipa wewe, maana ukimlipa asilimia ya bei unamlipa zaidi kadiri unavyoumia. Kisha usitaje namba yoyote, hata ya utani, mpaka ukae na mtu ambaye jina lake liko kwenye hati na kitambulisho chake mezani. Ukiambiwa mwenye nyumba yuko safarini, subiri arudi. Ukiambiwa "wewe taja tu nimpelekee", usitaje.

Kuna njia nyepesi ya kupima ukubwa wa cha juu kabla hujamwona mwenyewe. Nyumba ile ile hutangazwa na madalali wanne au watano, kila mmoja na bei yake. Angalia geti, rangi ya vigae, mti wa mwembe ulioko kona ya fensi, utaitambua. Kama mmoja anasema 150, mwingine 138, wa tatu 132, umeshajua kwamba ya mwenye nyumba haizidi 132, na pengine iko chini yake. Kwa anayenunua akiwa nje ya nchi, awe Muscat au Minneapolis, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu anatajiwa bei ya mtu wa nje, na mara nyingine cha juu kinawekwa na ndugu yake mwenyewe aliyetumwa kuangalia nyumba. Hilo linauma kulisema, lakini linajulikana.

Sasa tuseme umemfikia mwenyewe. Bado hujawa tayari kutaja bei. Kwanza unahitaji namba yako, na namba yako inajengwa kuanzia chini, kama vile bei iliyotangazwa haipo.

Anza na ardhi. Viwanja vitupu vinauzwa muda wote, na bei ya mita moja ya mraba katika mtaa husika ni rahisi kuijua kuliko bei ya nyumba. Uliza viwanja vitatu au vinne vya jirani, vyenye hadhi ile ile: vilivyopimwa ulinganishe na vilivyopimwa, vya barabarani na vya barabarani. Tuseme umepata 60,000 kwa mita katika sehemu ile ya Goba. Mita 600 ni milioni 36. Hapo tayari una kitu kigumu cha kusimamia.

Kisha jengo. Nenda na fundi wako, mtu unayemlipa wewe kwa siku hiyo, asiye na uhusiano na dalali. Mwulize swali moja: nyumba hii, kwa ukubwa huu na vifaa hivi, ukiijenga leo kuanzia msingi ni kiasi gani? Tuseme ina mita 130 na fundi anakadiria 600,000 kwa mita. Ni milioni 78. Lakini nyumba ina miaka kumi, haiwezi kuhesabiwa kama mpya. Ondoa uchakavu, tuseme milioni 10, inabaki 68. Fensi, geti, kisima na shimo la choo, kwa hali vilivyo sasa, weka 14. Jumla ya ardhi na vyote vilivyo juu yake ni milioni 118.

Hapa ndipo fundi anapopaswa kupanda juu ya dari na kuinama chini ya sinki. Mnunuzi anavutiwa na jipsamu ya sebuleni na taa zinazobadilika rangi. Fundi anatazama paa upande wa jua la magharibi, anatafuta madoa ya kahawia kwenye mbao za kenchi yanayoonyesha maji yanaingia. Anagonga plasta kwa kifundo cha kidole kusikia palipo tupu. Anaangalia sehemu ya chini ya kuta za nje, kama rangi inabanduka na unga mweupe unatoka, ndiyo chumvi hiyo, na nyumba za Kunduchi na Mbezi Beach zinaifahamu vizuri. Akikuta rangi mpya kabisa imepigwa chini tu ya ukuta, kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, huku juu rangi ni ya zamani, anauliza kwa nini. Tuseme amekuta bati za kubadilisha na nyaya za kurekebisha, jumla milioni 8. Tumebaki na 110. Gharama za kuhamisha umiliki, yaani ushuru wa stempu wa asilimia 1, wakili, uthamini na upekuzi wa hati, weka milioni 4 kwa pamoja. Namba yako ni 106.

Namba hiyo ndiyo dari yako, bei ambayo hupaswi kuivuka. Imetoka kwenye ardhi, tofali na bati. Ukiilinganisha na 150 ya tangazo, iko chini kwa karibu asilimia 29. Mtu aliyefuata kanuni ya 10 angelipa 135, na yule wa 20 angelipa 120, wote wakijipongeza. Lakini geuza upande wa pili. Tuseme kuna nyumba Chanika inatangazwa kwa milioni 48, umekaa na fundi wako mkapata 50. Anayeshikilia asilimia 20 atataja 38, ataonekana hana nia, na nyumba itaondoka wiki hiyo hiyo. Aliyefanya hesabu ataomba apunguziwe moja au mbili kwa heshima, asipopunguziwa atalipa 48 na kushukuru. Kuna nyumba ambayo bei sahihi ya kutaja ni ile ile iliyotangazwa, na kanuni ya asilimia haitakuonyesha kamwe.

Pima hesabu yako kwa njia ya pili, ya kodi. Uliza nyumba kama ile, mtaa ule, inapangishwa kwa kiasi gani. Ikiwa ni 500,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni milioni 6. Kwa nyumba ya 150, hiyo ni asilimia 4. Mwaka 2022, hata baada ya serikali kupunguza riba ya hatifungani zake (karatasi za kuikopesha serikali kwa riba) za miaka 20 na 25, bado zililipa zaidi ya asilimia 12. Milioni 150 kwenye hatifungani kama hiyo ingeingiza milioni 18 kwa mwaka, mara tatu ya kodi, bila fundi bomba na bila mpangaji wa kufukuzana naye. Najua atakayejibu kwamba ardhi inapanda thamani na hatifungani haipandi, na kwamba nyumba ni mahali pa kulala watoto. Ni kweli, na ndiyo maana watu wanakubali mapato madogo kwenye nyumba. Lakini pengo likiwa kubwa kiasi hicho, ujue unalipia matumaini ya bei kupanda, na matumaini hayo yanauzwa na mtu anayeondoka. Kigamboni ilifundisha hili. Mpango wa mji mpya ulipotangazwa mwaka 2008, watu wengi waliweka pesa au walisimamisha ujenzi wakisubiri mji ambao haukuja kama ulivyochorwa. Daraja lilikuja, likafunguliwa Aprili 2016, lakini aliyelipa bei ya mji mpya alisubiri muda mrefu.

Nimesema kasoro za jengo zinakatwa kwenye bei. Kasoro za umiliki hazikatwi, na hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu watu wanapoteza akiba za maisha kwa kuchanganya mambo haya mawili. Paa bovu lina bei, fundi ataitaja. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara haina bei. Mwaka 2017 nyumba kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, zikiwemo za ghorofa zilizokuwa zimekaliwa miaka mingi. Bonde la Msimbazi lilifurika vibaya Desemba 2011, watu wakafa, na Desemba 2015 nyumba zilizobaki bondeni zikaanza kuwekewa alama ya X na kubomolewa. Fikiria mtu aliyenunua pale mwaka mmoja kabla kwa punguzo la asilimia 40. Alipunguziwa nini?

Vivyo hivyo na saini ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inazuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji akikwambia, "Mke wangu yuko kijijini, ila kwa sababu hiyo nakupunguzia tano," amekuuzia kesi kwa bei nafuu. Nyumba ya marehemu inayouzwa na mtoto mmoja mwenye haraka, bila barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, ni hivyo hivyo. Hati yenye rehani ya benki ambayo muuzaji hakuitaja, ni hivyo hivyo. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutaja bei, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na unachokiweka rehani. Ukikuta tatizo, muuzaji alitatue kwanza, kisha mrudi kwenye bei. Asipoweza, ondoka. Punguzo lolote unalopewa kwa sababu ya hati mbovu unalipokea leo na utalirudisha kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, pamoja na nyumba yenyewe.

Kuna eneo la katikati, nalo ni ardhi isiyo na hati lakini isiyo na mgogoro. Nyumba nyingi za Dar ziko hapo: mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa, au leseni ya makazi ya miaka michache inayohuishwa, au mtaa uko katikati ya urasimishaji, yaani kupimwa ili watu wapate hati, na vigingi vimeshawekwa. Hii ina bei na inaweza kukatwa. Uliza kupima na kupata hati kwenye mtaa huo kumewagharimu majirani kiasi gani na muda gani, ondoa gharama hiyo, kisha ondoa kidogo tena kwa ajili ya kusubiri na kwa ajili ya kwamba benki haitakukopesha kirahisi kwa karatasi hizo. Hapo serikali ya mtaa nayo ina desturi ya kudai asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia mkataba. Viongozi wa juu wamekuwa wakikemea, lakini ofisini bado utaombwa. Weka jambo hilo mezani mapema na muuzaji, nani anabeba nini, lisije likakuongezea milioni kadhaa siku ya kusaini.

Tuje kwenye kutaja bei yenyewe. Dari yako ni 106 na mwenye nyumba, sasa umejua, anataka 125. Anza wapi? Ningeanza 95. Sababu si kwamba 95 ina uganga wowote, bali inaniachia nafasi ya kupanda na bado inaweza kuelezwa mbele ya mtu mzima bila aibu. Hili la kuelezeka ndilo muhimu kuliko ukubwa wa punguzo. Mzee aliyejenga kwa jasho lake akisikia "nakupa 75" bila maelezo, anasikia kwamba umeidharau nyumba yake, na kuanzia hapo anajibu dharau, habari ya bei imekwisha. Akisikia, "Mzee wangu, kiwanja hapa kinakwenda 60,000 kwa mita, fundi amepanda juu akakuta bati upande ule zimeoza, nyaya za chumba cha nyuma zimeungua, ukijumlisha na kutoa mimi nafika 95," anaweza kukataa, lakini atakataa namba, na maongezi yatabaki kuwa juu ya namba. Mara nyingi atakupa hata taarifa: "Hizo bati nilibadilisha nusu mwaka juzi, njoo nikuonyeshe." Ukienda kuona na ni kweli, panda.

Ukipanda, hatua ziwe zinapungua. Kutoka 95 kwenda 101, kisha 104, kisha 106. Anayepanda tano, tano, tano anamwonyesha muuzaji kwamba ya nne iko njiani. Na kila unapopanda, uombe kitu: akuachie tangi la maji, amalize bili ya maji na umeme, ahame ndani ya mwezi mmoja. Jambo jingine lenye nguvu kuliko maneno ni uhakika wa pesa yako. Wauzaji wengi wa Dar wameshaumizwa na wateja wa "nasubiri pesa yangu itoke", wanaokaa na nyumba miezi mitatu kisha wanapotea. Mnunuzi anayeweza kuonyesha kwamba wakili yuko tayari na fedha ziko benki, malipo ndani ya wiki mbili, anaweza kupewa kwa bei ambayo mwenye ahadi hapewi. Kama una pesa tayari, hiyo ndiyo silaha yako, itumie wazi.

Mkifika 106 yako na yeye kasimama 118, agana naye vizuri. Mwachie namba ya simu na namba yako ya mwisho. Usifike 110 kwa sababu mke ameshapenda jiko au kwa sababu umechoka kutafuta. Nyumba za aina ile hukaa sokoni muda mrefu, na si ajabu simu ikaja baada ya miezi kadhaa na mzee akauliza kama ile yako bado ipo.

Nina neno kuhusu muuzaji mwenye shida, kwa sababu matangazo ya "inauzwa haraka, mwenye nayo ana shida" yanazidi. Kuna mama anauguza, kuna mtu amepewa notisi ya siku 60 na benki kabla ya mnada, kuna mjane anayesukumwa na mashemeji. Wapo wanaofundishana kwamba huyo ndiyo wa kubana mpaka atoe kwa bei ya kutupa. Siukubali ushauri huo. Muuzaji wa haraka anakuuzia muda, na wewe unayemlipa haraka unastahili punguzo kwa haraka hiyo, labda milioni kadhaa chini ya dari yako. Zaidi ya hapo unamnyang'anya mtu akiwa chini, na unajitafutia matatizo pia, maana bei ya kutupa ndiyo inayowaamsha ndugu. Nyumba ya 106 ikiuzwa 100 ndani ya wiki, ukoo utanung'unika na kunyamaza. Ikiuzwa 60, kuna mtu atakayesimama na kusema mama hakuwa na akili timamu siku ile, au hakushirikishwa, na utajikuta barazani kwa miaka. Kwa mjane hasa, hakikisha karatasi za mirathi zimekamilika na watoto wakubwa wamesaini kuwa mashahidi, hata kama sheria haikulazimishi kuwaita wote.

Mwisho kuna bei ya kwenye mkataba, na hapa mapatano mazuri mengi huharibika. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka muuzaji mkazi alipe asilimia 10 ya faida aliyopata kwa kuuza, na bila uthibitisho wa kodi hiyo kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA), hati haihamishwi jina. Muuzaji anapokubali 106 kisha anaongeza, "ila kodi juu yako," bei imebadilika. Kama gharama zake zinazokubalika ni milioni 56, faida ni 50 na kodi ni milioni 5. Unanunua kwa 111, umeshavuka dari. Uliza kodi ni ya nani kabla ya kutaja bei, si baada ya kukubaliana.

Au atakuja na pendekezo jingine: "Tuandike 60, wote tupone." Ukiacha kwamba ni kosa kisheria, na kwamba mthamini wa serikali anaweza kuikataa hiyo 60 akaweka makadirio yake, angalia wewe mnunuzi unabaki na nini. Hati ikija kuonekana ina tatizo na mahakama ikaamuru urejeshewe pesa zako, karatasi inasema 60, na 46 nyingine utazithibitisha kwa shahidi gani? Na siku ukiuza wewe, tuseme kwa 120, faida yako itahesabiwa kuanzia 60: ni milioni 60, kodi 6. Kama mkataba ungesema 106, faida ingekuwa 14 na kodi milioni moja na laki nne. Yeye amekwepa kodi yake leo na wewe umeandikiwa kuilipa kesho. Mwandike 106, ulipe kwa akaunti ya benki kwenda kwenye akaunti yenye jina lililoko kwenye hati, malipo ya awali siku ya kusaini mbele ya wakili na kilichobaki hati inapokamilika kuhamishwa. Akisema hiyo imemwongezea mzigo na anataka mbili zaidi, hesabu yako unayo mkononi, na utajua kama mbili hizo zinaingia chini ya dari au haziingii.